Kidole, Duara na Fimbo

Wanaosimulia habari za ile mashine huanza na mashine. Mimi naanza na wivu, kwa sababu wivu ulikuwa wangu na mashine haikuwa yangu. Nilimwonea wivu wifi yangu Felisita mpaka chakula kikawa hakipiti kooni. Padri anasema wivu ni dhambi. Padri hana wifi.

Naitwa Dafroza, mzaliwa wa Mugoma. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nesi wa wodi ya watoto katika hospitali ya kambi, huku Ngara, kwenye barabara ya kwenda Biharamulo. Warundi walikuwa wamekaa muda mrefu hata mahema yao yamekuwa nyumba za tope, na wanakijiji wetu nao walitibiwa hapo hapo, kwa kuwa dawa zilikuwepo. Mvua zikianza, watoto walikuja kwa kuharisha. Na mtoto mdogo akishaharisha na kutapika mpaka macho yakadidimia, mishipa yake ya damu hunywea na kujificha, dripu ikakosa pa kuingilia. Hapo ndipo unapowasikia wodini: "Mwiteni Dafroza."

Neno hilo nililipenda kuliko shikamoo. Manesi vijana walichoma mkono, wakachoma mguu, jasho linawatoka, halafu mmoja wao akalitamka, nami nikaja nikikausha mikono yangu taratibu, maana anayeitwa hakimbii.

Kazi yangu ilikuwa ya kidole. Kucha ya kidole cha shahada cha kushoto niliikata kila Jumapili kabla ya misa. Nafunga mpira juu ya kiwiko, naweka kidole kwenye ngozi, nafumba macho, nangoja. Mshipa ukiubonyeza unarudi. Msuli haurudi. Mikono ikigoma na miguu ikigoma, nachukua wembe, nanyoa kipande kidogo juu ya sikio, na hapo kichwani sikuwahi kukosa.

Tatizo lilikuwa huo wembe. Kwetu Wahangaza, na kwa Warundi vilevile, nywele za mtoto zinanyolewa nyumbani, kichwa chote, bibi yake akiwepo. Kunyoa kwingine ni kwa msiba. Kwa hiyo mama akiona nesi anamnyoa mwanawe akiwa bado anapumua, anaona matanga yameanza kabla ya kifo. Na kwa kuwa niliowanyoa walikuwa ndio walioletwa wamechelewa, baadhi walikufa kweli, lawama ikaangukia wembe wangu. Niligombana na akina mama hao hadi sauti ikanikauka. Lakini waliniita tu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Halafu akapatikana mwingine.

Na huyo Felisita nilimtafuta mwenyewe, msidhani aliletwa na upepo. Ni mimi niliyemwambia mdogo wangu Renatus kwamba kule Keza kuna binti anasomea unesi, ana adabu, aache kuzurura na baiskeli. Ni mimi niliyemwombea nafasi wodini. Ni mimi niliyeshika kidole chake nikakiweka juu ya mshipa wake wa kwanza. Walipopata mtoto wa kike wakampa jina langu, Dafroza, kwa hiyo nikamwita somo, naye akajua kuniita somo kabla hajajua kusema mama. Mimi Mungu hakunijalia wa kwangu. Somo alinitosha.

Mambo yaliharibika Daktari Emilian alipopata mashine. Ilikuwa ultrasaundi ndogo, ya kubeba mkononi, imeletwa kwa ajili ya wajawazito. Daktari, Mhaya mmoja mpole anayependa kujaribu vitu, alikuwa amesikia kwamba huko mahospitali makubwa wanaitumia kutafutia mishipa ya watoto wadogo. Akasema atatuma nesi mmoja Mwanza akajifunze. Nikaenda nyumbani nikafua sare zangu zote mbili. Kesho yake akamtaja Felisita.

Nikamfuata ofisini. "Daktari, mimi je?"

"Sista Dafroza," akasema huku anatabasamu, "wewe una kidole. Wewe huihitaji."

Sifa nyingine ni kofi. Nilirudi wodini nikawafokea watu wasio na makosa.

Felisita alirudi kutoka Mwanza amevaa kanga mpya iliyoandikwa Mwenye wivu ajinyonge. Akaapa kwamba aliinunua kwa kupenda rangi. Sawa, rangi. Alipoivaa wodini, manesi waliinama kwenye vitanda vya wagonjwa wasinitazame usoni.

Lakini kazi aliijua, siwezi kumnyima. Alitufundisha kwamba kuna namna mbili. Ukiweka kichwa cha mashine kukatiza mshipa, kwenye kioo mshipa unaonekana duara jeusi, na ncha ya sindano ni nukta nyeupe ambayo lazima iingie katikati ya lile duara. Ukikilaza kufuata mshipa, unauona kama mfereji mrefu, na sindano nzima inaonekana kama fimbo inayozama majini. Kwa fimbo unaiona sindano yote, ila kwa mtoto mdogo ukitikisika kidogo mfereji unapotea. Kwa duara mshipa haupotei, ila unaweza kudhani umeona ncha kumbe unaona kiuno cha sindano, ncha yenyewe imeshatoboa upande wa pili. Na mara zote uangalie usiingie kwenye ateri, ule mshipa mwenzake unaodunda.

Daktari akataka kujua ipi ni bora. Akaupaka mlango wa wodi, upande wa ndani, rangi nyeusi kama ubao wa shule, akachora safu tatu kwa chaki: Kidole, Duara, Fimbo. Mshipa ukipatikana kwa mchomo wa kwanza, unaweka mstari kwenye safu yako. Kidole nilikuwa mimi peke yangu. Duara na Fimbo alikuwa Felisita. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia wagonjwa, nilitazama mlango.

Jeli ya kupaka ngozi ilipokwisha nikafurahi, nikadhani mambo yamekwisha. Wapi. Felisita akachemsha uji mwembamba wa muhogo, akauchuja, akautia kwenye kopo, akaupaka ule. Mashine ikaona vizuri tu. Nikamwambia, "Wifi, mashine yako ya kizungu kumbe inakula uji." Akacheka. Ndilo jambo lililoniudhi kuliko yote, kwamba nikimrushia jiwe anacheka.

Akina mama walihamia kwake. Si kwa sababu ya kioo, kioo hawakukijali. Walihama kwa sababu Felisita hanyoi. Mshipa aliutafuta mkononi, pajani, kwenye kinena, popote pale ila kichwani. Siku moja aliingia Mrundi mmoja, Iradukunda, ambaye mwanawe wa kwanza nilimwokoa kwa kidole hiki hiki, akaniletea na ndizi za shukrani. Sasa kambeba wa pili. Akanipita mlangoni, akamuuliza mfagizi, "Sista asiyenyoa yuko wapi?" Nilikuwa nimesimama pale pale, kipande cha mtu na kidole changu.

Felisita alikuwa amekwisha kunivua jina langu wodini, na nililiona likivuliwa siku hadi siku. Mdomoni nilimwita wifi. Moyoni nilimwita mwizi.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Daktari alikuwa amekwenda Ngara mjini kwenye kikao. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua limetoka, wodi inanuka matope na dawa. Nikaona Renatus anaingia getini na baiskeli, na nyuma yake, kwenye keria, kakaa mama yetu Speciosa amempakata mtoto. Mama hakuwa mtu wa kupanda baiskeli. Nikajua.

Alikuwa somo wangu. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu juzi, nao kijijini, alikoachwa kwa bibi yake wiki ile ya zamu za Felisita, walikuwa wakimpa dawa za majani. Macho yalikuwa yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Hakulia nilipomgusa, na mtoto yule alikuwa akilia hata ukimnyima kijiko. Maji ya chumvi na sukari hayakukaa tumboni. Bila dripu hafiki jioni.

Felisita akaruka akachukua mashine. Akapaka uji, akaweka kichwa cha mashine mkononi mwa mwanawe, akashika sindano. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kinacheza, si mishipa, ni mkono wake. Akashusha pumzi, akajaribu tena. Kioo kikacheza tena. Akaweka vyote chini, akanigeukia mbele ya wodi nzima.

"Wifi," akasema, "njoo wewe."

Nilikuwa nimeiota siku hiyo. Nilikuwa nimeiota nikiwa macho, nikipika, nikifua, na katika ndoto zangu Felisita ananiita mbele ya watu vile vile. Ila katika ndoto mtoto alikuwa wa mtu mwingine.

Nikafunga mpira, nikafumba macho. Mkono wa kulia, hakuna kitu. Wa kushoto, hakuna. Mguu mmoja nikahisi kitu, nikachoma, kikapasuka hapo hapo. Mguu wa pili, hakuna. Sindano za mfupa, zile za kutoboa ugoko mtu akikwama namna hii, hazikuwa zimeletwa muda mrefu. Kilibaki kichwa. Nikanyoosha mkono kuchukua wembe kwenye sinia, nikakuta sinia tupu, na mkono wa mama unatoka kifuani.

"Mama," nikasema, "lete wembe."

"Wembe gani?"

"Huo uliouficha kifuani."

Mama akakunja mikono juu ya kifua. "Mjukuu wangu hanyolewi akiwa hai."

"Mama, atakufa."

"Ndiyo, atakufa ukimnyoa. Wewe umewanyoa wangapi wakazikwa? Nimesikia. Hata Mugoma tumesikia."

Nikamgeukia Felisita. "Mwambie mama mkwe wako. Wewe ndiye uliyesoma Mwanza. Mwambie kwamba kichwani ni mshipa tu kama mshipa mwingine."

Felisita akatazama chini. Alikuwa ameshika kisigino cha mtoto kwa mikono miwili. "Wifi," akasema, "si kichwani. Nakuomba."

Kumbe na yeye. Miezi yote hiyo nikidhani ananiibia akina mama kwa ujanja, kwa kujua wanachokiogopa, kumbe na yeye anakiogopa, pamoja na cheti chake. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Ningeweza kupigana na mama yangu mzazi nikampokonya ule wembe, naapa, mikono ilikuwa inawasha. Lakini mtoto alikuwa anapumua juu juu, na ugomvi una muda wake.

"Haya," nikasema. "Kinyozi hajinyoi. Wewe kamata mashine, mikono miwili, usishike kingine. Sindano ni yangu. Mama, kama hutaki wembe basi shika miguu, na ukiiachia nitasahau kwamba umenizaa."

Mama akashika miguu.

Tukaenda kwenye kinena, kule kwenye mshipa mkubwa. Felisita akapaka uji. Alianza kwa fimbo, kwa kuwa alitaka kuiona sindano yote. Mfereji ukatokea, mtoto akavuta pumzi, mfereji ukapotea. Ukatokea, ukapotea. "Acha fimbo," nikamwambia. "Nipe duara." Akazungusha kichwa cha mashine. Yakatokea maduara mawili meusi, yamekaa pamoja kama mapacha, na yote madogo.

"Ateri ni lipi?" nikauliza.

Alibonyeza kidogo. Vena, ule mshipa tunaoutaka, hunywea ukiibonyeza, ateri hukataa na kuendelea kudunda, ndivyo alivyotufundisha mwenyewe. Yalinywea yote mawili. Damu ya mtoto ilikuwa imepungua nguvu kiasi hicho. Akabonyeza tena, akanitazama.

"Wifi, siioni inayodunda. Yote yamelala."

Nikaweka kidole cha kushoto, pembeni ya kichwa cha mashine, ndani ya uji ule ule niliokuwa nikiucheka. Nikafumba macho. Mwanzo nilisikia mapigo yangu mwenyewe, nikangoja yatulie. Kisha nikaisikia, chini sana, imechoka, inakuja na kuondoka.

"La nje ndiyo ateri," nikasema. "Niwekee la ndani katikati ya kioo."

"Limekaa."

"Niongoze. Macho yangu yako kwenye ngozi."

"Ingia. Naona nukta. Shuka. Shuka kidogo. Ngoja, hicho ni kiuno, si ncha. Rudi. Sasa ncha. Iko juu ya duara. Ingia sasa."

Nikaingia. Damu ikarudi kwenye sindano, nyeusi, taratibu, bila kuruka. Ya vena. Nikasukuma kanula, ule mrija mwembamba, nikavuta sindano, Felisita akafungua dripu, ikaanza kudondoka. Mama alikuwa bado ameng'ang'ania miguu, tukamwambia anaweza kuachia, hakusikia.

Chupa ya pili ilipokuwa inaelekea kwisha, somo wangu alilia. Alilia kwa hasira, kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Felisita akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa ile kanga yake, akalia naye. Mimi nilitoka nje nikalilie nyuma ya tangi la maji, ili asinione.

Daktari Emilian alirudi jioni. Alimpima mtoto, akafurahi, akatupa mkono sote wawili. Halafu akachukua chaki. "Niandike wapi?"

"Kidole," nikasema.

"Duara," akasema Felisita.

Tulisema pamoja. Daktari akatutazama, akauliza ilikuwaje, tukamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Akatikisa kichwa. "Mmeshika wawili, njia mbili kwa pamoja. Hii siwezi kuilinganisha na nyingine. Hii haimo." Akairudisha chaki mfukoni, akaenda kunywa chai.

Haimo. Watoto wote wa kambi wamo, mtoto wetu hayumo. Nilimwazia Daktari maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Asubuhi yake niliwahi kabla ya zamu. Nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni, nimekiomba kwa mwalimu wa shule ya kambi. Nikaingia wodini kimya kimya, na nani nikamkuta kwenye mlango, mkono juu, chaki yake imeshagusa safu ya Duara? Felisita. Alikuwa amelala pale na mwanawe.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Na hiyo mkononi mwako ni nini?"

"Kidole changu ndicho kilichoijua ateri."

"Na ncha uliiona kwa kidole?"

"Mkono uliokuwa unatetemeka ulikuwa wa nani?"

Nilijua inauma, ndiyo maana nikalisema. Felisita akashusha mkono. Safari hii hakucheka.

"Wangu," akasema. "Ndiyo maana nautaka huu mstari, wifi. Nimemzaa mimi, halafu siku aliponihitaji mkono ukanikataa. Neno lake la kwanza lilikuwa somo, halikuwa mama. Akianguka anamlilia somo. Nilikwenda Mwanza ili nami niwe na kitu kimoja ambacho si chako. Na hicho nacho jana nimekuomba unisaidie."

Nilibaki na chaki yangu. Maisha yangu yote sikujua kwamba kuna mtu anaweza kunionea wivu mimi. Nilitaka kufurahi, na nikafurahi kidogo, msinifikirie vizuri kupita kiasi. Kisha ikaniuma mahali ambapo sikupazoea.

Mara tukasikia sauti ya mama yetu kutoka kitanda cha dirishani. Alikuwa amezungukwa na akina mama wa wodi, Iradukunda mbele yao, naye anasimulia huku anamnywesha somo wangu uji kutoka kwenye kopo, kopo lile lile la mashine.

"Hawa wawili walitaka kumnyoa," anasema. "Mmoja kashika wembe, mwingine kanyamaza. Nikauficha huku kifuani. Nikawashikia na miguu ya mtoto. Bila mimi leo mngekuwa mnanipa pole."

Akina mama wakapiga makofi. Iradukunda akamshika mkono kwa heshima, akamwita mwokozi wa mtoto.

Nilikuwa namwonea wivu mtu mmoja. Asubuhi ile wakawa wawili, na wa pili ndiye aliyenizaa. Felisita akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, twende tukamchukue mtoto." Tukaenda, bega kwa bega, tumevaa sare zetu nyeupe.

Somo wangu akainua macho kutoka kwenye kopo. Akatuona. Uso ukambadilika, akapiga ukelele, akatupa kopo, akajichimbia kifuani kwa bibi yake, pale pale ulipokuwa wembe, akikaza vidole kwenye nguo yake. Hakuita somo. Hakuita mama. Jana tulikuwa tumemchoma mikono na miguu na kinena, naye hakuwa na sababu ya kututofautisha.

"Ondokeni," mama akatuambia, "mnamtisha mtoto."

Tukasimama katikati ya wodi, uji umemwagika miguuni, kila mmoja na chaki yake mkononi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumgusa.